Goti la bandia si bawaba: umbo la chuma linavyoamua utakavyotembea

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha familia Kibosho, juu ya Moshi, kuhusu magoti ya shangazi. Daktari alishasema la kulia limekwisha, libadilishwe. Tulipofika kwenye michango, mazungumzo yakahama njia. Baba mdogo alikuwa amesikia kuna goti la Kijerumani linalodumu maisha na la India linaloisha baada ya miaka mitano. Binamu yangu alitoa simu, akatuonyesha video ya mzee aliyechuchumaa kama kijana wa darasa la tano: "Hili ndilo la kisasa, mengine hayakunji." Shangazi mwenyewe aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini. "Sasa wakishanikata mguu, nitazikwa na huo wa bandia?"

Tulibishana saa nzima bila mtu yeyote kueleza goti la bandia ni kitu gani. Nami niliyezoea kuandika habari za afya nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu cha chai, nimenyamaza kama mgeni. Makala hii ni deni la siku ile.

Tuanze na shangazi. Hakatwi mguu. Hapa Moshi kuchanganya mambo haya kuna sababu yake: ndani ya eneo la hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa miguu na mikono ya bandia. Mtu wa hapa akisikia neno "bandia", anauona ule mguu wa kuvaa asubuhi na kuvua usiku. Goti la bandia liko ndani, chini ya ngozi yako, likizungukwa na misuli yako ileile. Daktari huchonga ncha ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, kwa kawaida milimita nane hadi kumi hivi kila upande, kisha huvika sehemu zilizochongwa. Daktari wa meno anayevika jino bovu kofia anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Kinachovikwa ni vipande vitatu au vinne. Juu, kwenye paja, kuna ganda la chuma, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, lililong'arishwa hadi unajiona uso. Chini, kwenye muundi, kuna bamba la chuma, mara nyingi titani. Kati yake kuna kipande cha plastiki nyeupe. Nyuma ya pia ya goti, daktari akiona inafaa, huwekwa kitufe cha plastiki. Vyote hushikizwa kwenye mfupa, aghalabu kwa saruji maalumu ya mifupa. Kwa pamoja huitwa kipandikizi, jina ambalo kwa bahati mbaya wengi wetu tunalijua kwa kile cha uzazi wa mpango cha mkononi. Hiyo plastiki ni poliethilini, ndugu wa dumu la maji, ila nyuzi zake ndogo ndogo ni ndefu mno na ndiyo maana inavumilia msuguano.

Na kilichokwisha kwenye goti la shangazi ni gegedu, ule utando mweupe unaoteleza unaouona mwishoni mwa mfupa wa paja la kuku. Mtaani tunasema "ute umeisha", na dawa ni bamia na supu ya makongoro. Supu ni tamu, sina ugomvi nayo. Lakini ute wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, na hakuna mrija unaoutoa tumboni kuupeleka gotini. Tena goti lililosagika mara nyingi hujaa maji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba.

Sasa goti lenyewe. Kaa kwenye kiti, weka kiganja juu ya goti, likunje na kulinyoosha. Unahisi kama bawaba ya mlango: msumari mmoja, mlango unazunguka. Wahandisi wa kwanza nao walihisi hivyo. Mwaka 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa bawaba ya pembe ya ndovu. Maambukizi yaliziharibu kazi zake za mwanzo. Lakini hata bawaba za chuma zilizokuja miaka ya 1950 zilikuwa na ugonjwa wa aina moja: zilikuwa zinang'oka kwenye mfupa. Sababu ni kwamba goti halizunguki kwenye msumari mmoja.

Ncha ya mfupa wa paja ina magurudumu mawili ya mfupa, la ndani na la nje, yamekaa juu ya jukwaa la muundi lililo karibu tambarare. Ukikunja goti, magurudumu hayo yanabiringika kurudi nyuma na papo hapo yanateleza. Umewahi kuona bodaboda inapanda barabara ya vumbi mwezi wa nne, mvua imenyesha? Tairi linazunguka mara tatu, pikipiki inasogea hatua moja. Goti liko hivyo, tena ni lazima liwe hivyo, kwa sababu mzunguko wa gurudumu ni mrefu kuliko jukwaa lililo chini yake. Lingekuwa linabiringika tu, mfupa wa paja ungeangukia nyuma kabla hujafika nusu ya kukunja.

Kuna ziada hapo. Gurudumu la ndani karibu halisogei, la nje ndilo linalorudi nyuma sana. Kumbuka bikari ya shuleni: mguu wenye sindano umetulia, wenye penseli unachora tao. Kwa hiyo kila ukikunja goti, muundi unajizungusha kidogo kuelekea ndani, na ukinyoosha hadi mwisho unajizungusha kurudi nje, goti linajifunga. Kufuli hilo ndilo linalokuwezesha kusimama ibada nzima bila misuli ya paja kutetemeka.

Kule kurudi nyuma kwa paja kuna faida mbili ambazo nitazirudia baadaye. Kwanza, kunaacha nafasi nyuma ya goti ili mifupa isigongane unapokunja sana. Pili, kunarefusha mkono ambao misuli ya paja inautumia kuvuta, kama fundi gari anayechomeka bomba kwenye spana ili nati ngumu ifunguke kwa nguvu ndogo.

Zinazoongoza mwendo huo wote ni kano nne, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbili ziko pembeni, ndani na nje. Mbili zimepishana katikati kama herufi X: ya mbele, ile ACL inayowaliza washabiki wa Simba na Yanga, na ya nyuma, inayozuia muundi usirudi nyuma na inayosaidia kulivuta paja nyuma wakati wa kukunja. Shika hiyo ya nyuma, maana ndiyo chanzo cha nusu ya ubishi wa madaktari. Kwenye goti kamili la bandia la kawaida, ya mbele huondolewa.

Tena kuna mzigo. Mama wa kilo 80 akitembea tambarare, goti lake halibebi kilo 80. Misuli nayo inakaza na kuukandamiza mfupa juu ya mfupa, na vipimo vya vipandikizi vyenye vihisio ndani vinaonyesha mzigo wa mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili. Hiyo ni gunia mbili za mahindi. Akishuka ngazi unapita mara tatu. Akishuka kutoka kihamba cha juu, yaani shamba la migomba, kwenda mtoni na ndizi kichwani, fanya hesabu mwenyewe. Na hilo linarudiwa mara milioni moja hivi kwa mwaka, kila mguu.

Miaka michache iliyopita daktari mmoja wa mifupa alinipa sampuli mbili za plastiki ya goti nishike. Kwa mbali zilifanana. Nilipopitisha kidole gumba nikahisi tofauti: moja ilikuwa bapa kama sahani, nyingine ina mabonde mawili kama vijiko viwili vilivyolazwa sambamba. Akaniambia niweke lile ganda la chuma juu ya kila moja. Kwenye bapa liliteleza huku na huko, nikalisukuma hata pembeni. Kwenye yenye mabonde lilitulia tuli, nikilisukuma linarudi mahali pake.

"Ungemwekea mama yako ipi?" akaniuliza. Nikasema ya mabonde, inatulia. Akacheka. Akasema na yeye zamani angejibu hivyohivyo.

Fikiria yai. Juu ya sahani, yai linagusa mahali padogo kama kichwa cha kiberiti. Juu ya kijiko chenye kina, linagusa eneo pana. Mwanamke mwenye kiatu cha kisigino chembamba akikanyaga udongo anazama, mwenye ndala anapita. Uzito ni uleule, eneo ndilo limebadilika. Kwa hiyo plastiki bapa inabanwa mno mahali padogo na inalika. Baadhi ya magoti ya miaka ya 1980, yenye plastiki bapa tena nyembamba, yaliharibika mapema kwa njia hiyo. Vumbi la plastiki nalo si la kupuuza: chembe zake hufanya mwili upigane nazo na kuula mfupa ulio jirani, mwishowe chuma kinalegea.

Basi kijiko chenye kina kishinde? Hapana. Kijiko kinazuia paja lisiteleze na lisizunguke, lakini mwili bado unataka kuzunguka kila unapogeuka kumwangalia mtu aliyekuita. Nguvu hiyo haipotei. Inapita kwenye plastiki, inafika kwenye bamba, inaishia kwenye saruji na mfupa, ambako inatikisa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ndicho kilichozing'oa zile bawaba. Mchoraji wa kipandikizi kwa hiyo yuko kwenye mizani ambayo haina upande wa bure: uhuru mwingi, plastiki inalipa, utulivu mwingi, mfupa unalipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Frank Gunston, Mkanada aliyefanya kazi na John Charnley huko Wrightington, Uingereza, aliachana na msumari wa bawaba akaweka magurudumu madogo ya chuma yanayopita kwenye mifereji ya plastiki. Mwaka 1974 New York ikaja aina ambayo magoti mengi ya leo ni wajukuu wake: ganda moja la chuma juu, plastiki ya bakuli chini, kano zote mbili za msalaba zimeondolewa. Lilitulia vizuri, maumivu yakaisha. Lakini halikukunja sana, nyuzi 90 hivi, kama mtu aliyekaa kitini. Kwa nini? Kano ya nyuma haipo, kwa hiyo paja halirudi nyuma, na mfupa unagonga ukingo wa plastiki. Faida ya kwanza kati ya zile mbili imepotea, na ya pili imepungua nayo.

Jibu lilikuja 1978 na bado liko nasi. Katikati ya plastiki wakachomoza kigingi, na kwenye ganda la chuma wakaweka kipingo kidogo kilichokingama. Ukikunja goti kiasi fulani, kipingo kinagota kwenye kigingi na kulisukuma paja nyuma. Kazi ya kano imefanywa na umbo. Gharama yake: daktari anaondoa mfupa zaidi katikati ya paja ili kupata nafasi ya kisanduku ambamo kigingi kinaingia, na kigingi kinaweza kulika, na kwa nadra kuvunjika.

Kambi ya pili ya madaktari inasema, kwa nini uitoe kano ya nyuma kama bado nzima? Iache, weka plastiki yenye bonde la kina kidogo, mwili ujiendeshe. Inasikika vizuri, na kwa wagonjwa wengi inafanya kazi vizuri. Lakini kano ya mtu aliyeumwa goti miaka kumi si kano ya kijana. Video za eksirei zilizochukuliwa watu wakikunja magoti ya namna hii zilionyesha kitu cha ajabu: kwa baadhi yao paja lilikuwa linateleza kwenda mbele badala ya kurudi nyuma, kinyume kabisa cha goti la kuzaliwa. Kano ya mbele haipo, na ya nyuma peke yake ni kama ng'ombe mmoja kwenye nira ya wawili.

Ukiniuliza nani kashinda, tafiti zinazolinganisha kambi hizi mbili zinaonyesha tofauti ndogo. Lenye kigingi huwa linakunja nyuzi chache zaidi, na katika maisha ya kila siku mgonjwa hatambui. Kuna aina nyingine mbili nitazigusa tu. Moja ina plastiki inayozunguka juu ya bamba lake, ili upate kijiko chenye kina bila kuutikisa mfupa. Wazo zuri sana kwenye karatasi, ila matokeo yake hayajaipita ile ya kawaida kwa wazi. Nyingine imeiga bikari: upande wa ndani bakuli lenye kina, upande wa nje karibu bapa. Hii mimi naipenda kwa sababu imelisikiliza goti kwanza kabla ya kulichora. Upendo wangu hauna thamani ya kitabibu, ichukulie hivyo.

Turudi kwenye video ya binamu. Kutembea tambarare kunahitaji goti likunje nyuzi 60 na kitu. Ngazi, 90 au zaidi kidogo. Kuinuka kwenye kiti kifupi, 100 na zaidi. Choo cha kuchuchumaa, kukalia visigino baada ya sijda, kupalilia ukiwa umechuchumaa: 130 na kupanda. Goti la bandia lililofanikiwa mara nyingi huishia 110 hadi 120. Kwa mtu anayeishi kwa viti na sofa hilo linatosha. Kwa mama wa Kibosho pengo ni kubwa.

Viwanda viliona pengo hilo, hasa kwa wateja wa Asia, vikatoa magoti ya "kukunja sana". Sehemu ya nyuma ya ganda la chuma ilirefushwa na kunenepeshwa milimita chache ili iendelee kugusa plastiki hata goti likikunjwa mno. Matokeo? Tafiti nyingi ziliona tofauti ya nyuzi chache au hakuna kabisa. Na mwaka 2007 ripoti kutoka Korea Kusini ilisema ganda la paja la aina moja ya magoti hayo lilikuwa likilegea mapema, hasa kwa wale waliokuwa wanachuchumaa na kupiga magoti. Ukiukumbuka mfano wa kisigino unaelewa. Goti likikunjwa kabisa, mzigo mzima unakaa kwenye ukingo wa mwisho wa chuma, unakibandua kutoka kwenye mfupa kama mtu anayefungua kopo la rangi kwa bisibisi.

Kinachotabiri vizuri zaidi goti litakunja kiasi gani baada ya upasuaji ni lilikuwa linakunja kiasi gani kabla. Mzee wa kwenye video huenda alikuwa anachuchumaa hata wiki moja kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Kupiga magoti kanisani ni jambo jingine. Hakuhitaji kukunja kupita kiasi, na kwa kawaida hakuharibu kipandikizi. Watu wengi wanashindwa kwa sababu kovu linauma au ngozi ya pembeni imekufa ganzi, kwa kuwa kuna mshipa mdogo wa fahamu unaokatwa wakati wa kufungua. Muulize daktari wako, kisha jaribu kwenye mto.

Pia ya goti nayo isisahaulike, hupita kwenye mfereji ulio mbele ya ganda la chuma. Mfereji usipokuwa na kina cha kutosha, au ganda likiwekwa limejipinda nyuzi chache, pia inakwenda pembeni na mtu anasikia maumivu ya mbele kila anapopanda ngazi. Kosa hilo la nyuzi chache halitoki kiwandani.

Na hapo ndipo baba mdogo alipoteza hoja, ingawa hajui bado. Muulize mpagazi yeyote anayepandisha wageni Kilimanjaro jinsi hema linavyosimama. Nguzo ikizidi urefu, kamba zinakaza hadi kitambaa kinataka kuchanika. Ikipungua, hema linapepea usiku kucha. Kipandikizi ni nguzo, kano ni kamba. Daktari anachonga mfupa, anapima kama kamba zinakaza sawa ndani na nje, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, ndipo anachagua unene wa plastiki. Goti lililotengenezwa kwa ustadi wa juu kabisa, likiwekwa na kamba za upande mmoja zimelegea, litamyumbisha mgonjwa, na plastiki italika upande mmoja kama soli ya kiatu cha mtu mwenye matege.

Swali la "limetoka nchi gani" kwa hiyo lina msaada mdogo. Maswali ya maana ni aina hii imetumika kwa miaka mingapi na kumbukumbu zake zikoje, maana nchi kama Uswidi zimekuwa zikiandika kila goti kwenye daftari la taifa tangu 1975. Kama saizi zote zipo hospitalini siku ya upasuaji. Na daktari anaweka aina hiyo mara ngapi kwa mwaka. Goti la "wanawake", lililotangazwa kwa kishindo 2006, halikuonyesha faida kubwa kwenye tafiti. Walichohitaji akina mama ni saizi nyembamba zaidi, na sasa zipo kwenye aina nyingi.

Kuhusu kudumu, uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2019 ulikadiria kwamba kati ya magoti kamili 100, takriban 82 bado yako mahali pake baada ya miaka 25. Hesabu hiyo ni ya Australia na Finland, siyo ya watu wanaopanda na kushuka migombani, na aliyewekewa akiwa kijana ana uwezekano mkubwa wa kurudia. Pia si kila goti lililodumu lina mwenye furaha: mgonjwa mmoja hivi kati ya watano husema hakuridhika.

Tulimpeleka shangazi kwa daktari wiki iliyopita. Alipoambiwa mguu haukatwi alishusha pumzi, akavua kitenge cha mabegani, akaanza kuuliza yeye. Kano yake ya nyuma itabaki? Daktari akasema ataiangalia akishafungua, ikiwa imechoka ataweka la kigingi, yote mawili yatakuwa mezani. Na choo je? Daktari akamtazama goti, akalikunja taratibu kwa mkono, likaishia 100 na kidogo.

"Mama, hicho cha kuchuchumaa tukiache."

Shangazi akatugeukia. Fungu la kwanza la michango limenunua choo cha kukaa na mfuko wa saruji, ya kawaida. Fundi anakuja Jumamosi.